Mwangangi Hakuugua

Marehemu Jeremy Mwangangi alizaliwa Kivaa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa tatu wa marehemu mama yetu Nzisa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kivaa, kisha akasomea kazi ya boila Athi River na kuhitimu mwaka 2001.

Alimwoa Kalekye tarehe 16 Desemba 2006. Siku hiyo bwana arusi alipotea. Tulimpata jikoni na suti yake, akiwagombeza wapishi waliokuwa wameshindilia kuni mbichi chini ya sufuria. "Hapa mnapika moshi," aliwaambia. "Toeni nusu, hewa ipite." Wali uliiva, ila Kalekye alinuna mpaka keki ilipokatwa.

Kwa miaka kumi na minne alichemsha maji ya kuoga ya wageni katika hoteli moja hapa Mumbuni, kwa boila ya kuni. Februari mwaka huu wezi walipitisha mikono kwenye tundu la hewa la chumba cha boila wakaiba kuni, na mwenye hoteli akaliziba kwa matofali. Mwangangi alimfuata ofisini.

"Bosi, moto iko na shida. Haipati hewa, inatoa masizi tu. Fungua hiyo tundu."

"Kwani moto inapumua? Wewe washa, wageni wanataka kuoga."

Kamati ya mazishi ilitaka niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mimi dada yake, Kamanthe, nimekataa. Hakuugua hata mafua. Kuni zikikosa hewa haziungui vizuri. Hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichozibwa gesi hiyo huua. Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2025 alikutwa kwenye kiti chake, mbele ya boila, amefariki. Wala mtu asiniambie Mungu alimpenda zaidi. Yale matofali hakuyapanga Mungu. Nina hasira, na sitaomba radhi.

Ameacha mjane, Kalekye, na watoto wawili, Winrose na Mutindi. Ameacha pia Hanif, aliyepewa kazi yake Jumatatu iliyopita, katika chumba kile kile, na tundu bado limezibwa.

Mwenye hoteli ameketi nasi hapa. Shada lake la maua tumelipokea. Sasa ainuke, aende akabomoe yale matofali, maana jioni hii Hanif anawasha moto. Mwangangi apumzike kwa amani. Tutamzika bila bosi wake.