Farasi Aliyevuliwa Viatu

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeegemea ukuta wa karakana ya viatu, mkabala na kibanda cha farasi wa Mzee Breki, mwenye mkokoteni, na hapo ndipo tunapoamulia mambo yasiyotuhusu. Asubuhi hiyo jambo lilituhusu kidogo. Siku nne nyuma, daktari wa mifugo, mama mmoja mpole, alimng'oa farasi jike wa Breki vyuma vyote vinne vya kwato. Alisema mguu wa mbele kushoto unamuuma kwa sababu ya vyuma hivyo, aachwe peku, atembezwe taratibu. Breki akaingiwa na hofu, akamfungia, na tangu hapo hajamtoa hata hatua moja. Sasa alikuwa amemwita fundi wa kwato aje saa nne avipigilie vingine. Ilikuwa saa tatu na nusu, na mguu ule ukiharibika, Breki hana kazi nyingine anayoijua.

— Mimi swali langu moja tu, alianza Gundi, fundi viatu, huku anashona soli. Kwa nini aliondoka na vile vyuma?

— Alisema vimelika, havifai tena, akajibu Breki.

— Havifai, halafu kavibeba. Wewe umeona wapi?

Ushahidi, karani wa mahakama aliyestaafu ila mahakama haikumtoka, akaweka kikombe chini.

— Tuulize kitaalamu. Nani anafaidika?

— Farasi, nikasema.

— Paspoti, hebu tupumzishe.

Wananiita Paspoti kwa kuwa nimezunguka sana, si kwa kuwa nilirudi na chochote. Nikawaambia kuna mahali nilibeba mbao mwaka mzima, na farasi wa huko walivuta magogo peku. Ukwato ukikanyaga hutanuka kidogo, unapokea kishindo, na damu inatembea. Chuma kinaubana. Hata binadamu akivua viatu, vidole vinapata pa kujitandaza, na mwili unaijua ardhi.

— Na wewe mbona umevaa soksi juu ya soksi? akauliza Gundi.

— Nyayo zangu laini kama mkate, kaka. Juzi nilijaribu. Nilifika duka la pili, kijiwe kimoja kikanirudisha nyumbani.

Breki hakucheka.

— Ndiyo hilo ninaloliogopa, akasema. Yule wangu kavaa chuma miaka kumi na mmoja.

— Na hamwoni mnakopelekwa, akadakia Gundi. Wameanza na farasi. Mkishazoea, wanakuja kwenu. Mtaa mzima ukitembea peku, mimi nitashona nini?

— Kwa hiyo unajitetea, nikamwambia.

— Najitetea, ndiyo. Kuna aliyekatazwa?

Ushahidi akasogea, akashusha sauti.

— Mnatazama karibu mno. Farasi mwenye chuma anasikika tangu kona ile. Wa peku hasikiki. Sasa nani anataka farasi wasiosikika?

Breki akageuka kutazama mlango wa kibanda.

— Wezi, akasema Ushahidi. Daktari anavua, wenzake wanaswaga kimyakimya.

Naona aibu kusema, lakini hapo hata mimi nilianza kumshuku yule mama, aliyewahi kumtibu paka wangu hadi akapona.

Wakati huo akafika mteja wa Breki, mama anayetaka kitanda chake kihamishwe kwa mkokoteni. Akasalimia, akasikiliza kidogo, akauliza:

— Samahanini. Huyo farasi, tangu avuliwe, anatembeaje?

Gundi akainamia soli yake. Ushahidi akachungulia kikombe kama faili limo humo.

— Afadhali au vibaya, mzee wangu?

— Sijui, akasema Breki.

Akainuka, akamtoa. Farasi akafika njiani, Breki anamwongoza mbele, uso pembeni, kichwa kakiinamisha, anatega sikio.

— Simsikii, akasema. Siku zote nakaa nyuma yake. Akichechemea, nilikuwa najua kwa mlio tu. Sasa hana mlio.

— Basi mtazame, baba, akasema yule mteja.

Breki akanipa kamba, akarudi nyuma, akachuchumaa katikati ya njia. Nikampitisha farasi. Kwenye kokoto alipiga hatua fupifupi, kama mimi juzi. Kwenye udongo akarefusha.

Fundi wa kwato akatokea na nyundo na mfuko wa misumari.

— Naanza na mguu upi?

— Ngoja, akasema Breki bila kuinua macho. Paspoti, mrudishe, polepole.

Nikamrudisha.

— Ule wa kushoto anaukanyaga wote, akasema Breki, kwa sauti ndogo. Alikuwa anaugusisha ncha tu. Anaukanyaga wote.

Fundi akatazama misumari yake, akatutazama sisi.

— Kwa hiyo mimi nifanye nini?

— Kaa unywe kahawa.

Akakaa. Gundi akainua birika, akalitikisa, tupu, akalirudisha chini.