Mama Syntiche na Mbegu Zilizozoeshwa Chumvi

Tarehe 30 Juni, Mama Syntiche Kyungu anakabidhi funguo za ghala la mbegu baada ya miaka ishirini na tisa katika bustani yetu ya mimea ya dawa, hapa Kalemie. Alianza kwa kufagia biro, yaani ofisi. Anaondoka akiwa mkuu wa kitalu, cheo ambacho hakikumshangaza mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe.

Mwaka 2021, ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye depo ya chumvi iliyopakana nasi, yakaisomba chumvi yote hadi bustanini. Yalipokauka, tulipanda mbegu mia za artemisia, mmea wa dawa ya malaria. Zikaota tisa. Wamama wa zahanati, waliotegemea miche yetu, wakarudi mikono mitupu. Mkurugenzi, Papa Édouard, akaandika barua ya kuifunga bustani na kuhamishia kazi Nyunzu.

Mama Syntiche, ambaye nyumba yake ilikuwa bado imejaa matope, aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Papa, munipatie miezi tatu tu. Mbegu hazijakataa, zimeshtuka. Tuzizoeshe chumvi kabla ya kuzipanda."

Aliziloweka katika maji yenye chumvi kidogo sana, akazianika kivulini juu ya kitambaa, ndipo akazipanda. Za lumba-lumba, aina ya mrehani, ziliteleza na kushikana kama bamia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Za artemisia zilikaa majini mno, zikaoza. Siku hiyo hakucheka. Akapunguza chumvi, akapunguza saa, akarudia. Mara ya saba, katika udongo uleule, ziliota sitini na nne kati ya mia. Papa Édouard alizihesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akaichana barua yake mbele yetu.

Tukiri pia kwamba ni mkali. Aliyemwagilia miche saa sita mchana alisikia jina lake likiitwa mpaka bandarini.

Leo miche yetu inafika hadi Kabimba. Naye anakwenda Kiambi, kwa binti yake Carine. Jumanne iliyopita alitufundisha kuloweka, mmoja mmoja: wahasibu, dereva, hata Papa Édouard. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla hajaifanya kazi yote bila kusaidiwa.

Mama Syntiche, tunakushukuru kwa moyo wote. Upate afya, usingizi mzuri na wajukuu wa kukuchekesha. Nenda ukapumzike, Mama. Mikono yetu imeshajua.