Seremala Anatafutiwa Mshauri

Hebu fumba macho kidogo, upate picha ya benchi refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la kinyozi, mguu mmoja umekatika na mahali pake pamewekwa matofali. Aliyelitengeneza ni Seremala, naye ndiye huyo aliyekaa katikati, mikono kaibana kwapani. Kulia kwake yuko Kinyozi, ambaye leo hana wateja. Kushoto yuko Jaji, mzee aliyekuwa akifungua na kufunga milango ya mahakama, akastaafu na hukumu zote kichwani. Chupa ya kahawa ni yake. Tangu mdogo wake Seremala aanguke kutoka kwenye paa walilokuwa wakiliezeka pamoja, akafariki, Seremala halali, na karakanani kwake msumeno hausikiki. Alikwenda kwa mshauri wa hospitali, akarudi akisema hawaelewani. Basi benchi likaamua kumtafutia mwingine. Jana wakamtuma Kinyozi akamjaribu mmoja, kama mtu anavyoijaribu baiskeli kabla ya kumnunulia mwenzake.

— Haya, lete habari, Jaji akasema. Yukoje?

— Hafai.

— Kwa nini?

— Haongei. Nimekaa, kasema karibu, kanyamaza. Mimi nikimnyoa mtu kimya namna ile, harudi.

— Sasa ukafanyaje?

— Nikaongea mimi. Nilianza na maumivu ya kichwa ya uongo, mara nikajikuta namweleza habari za baba.

— Baba yupi?

— Kwani ninao wangapi, Jaji? Huyo huyo aliyetuacha.

— Ukalia?

— Macho yaliniwasha. Chumba kile kina vumbi.

Jaji akammiminia kahawa bila kumtazama usoni.

— Basi anafaa, huyo.

— Kwangu, labda. Kwa Seremala hapana. Seremala naye haongei. Watakaa humo kama mitungi miwili.

— Mimi nasema anatakiwa mzee. Kijana hajazika mtu, atajua nini?

— Mzee atasinzia. Bora mwanamke.

— Mwanamke atamwonea huruma, na huruma ndiyo inayomkosesha usingizi.

— Basi apatikane aliyewahi kuwa fundi.

— Sawa, fundi. Tena aliyewahi kuanguka.

— Kutoka kwenye paa?

— Angalau ngazi. Tunakwenda hospitali, tunauliza: nani kati yenu alianguka, akapona, ndipo akasomea mambo ya akili?

— Na vyeti?

— Vyeti atatuonyesha. Na kovu pia.

Seremala alipiga miayo. Walikuwa wakimzungumzia kama meza iliyoletwa kukarabatiwa.

— Tuache, ndugu zangu, akasema. Nimechoka. Yule wa hospitali hatukuelewana. Nitazoea tu.

Kinyozi akashusha kikombe. Mtu asiyelala akisema atazoea, ujue ameacha kutafuta.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo kando, mkoba begani. Alikuja kufuata kitanda cha mwanawe, alichokiagiza zamani.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Nimewasikia tangu pale konani. Huyo mshauri mnayemtafuta, Seremala anataka akamweleze nini?

— Habari za mdogo wake, bila shaka, Jaji akasema.

— Amesema mwenyewe?

Jaji akamtazama Kinyozi. Siku zote hizo za kahawa, hakuna aliyemuuliza.

Seremala ndiye aliyejibu, polepole, akizungumza na magoti yake.

— Mdogo wangu nimemlilia, dada. Bado namlilia, na hilo halinishindi. Tatizo ni mikono. Nikishika msumeno inatetemeka. Nikifumba macho naisikia ile boriti ikikatika. Niliipigilia mimi.

— Yule wa hospitali umemwambia hivyo?

— Kila nikiingia ananipa pole ya msiba. Naitikia. Mtu akikupa pole utamkatizaje?

— Rudi umkatize. Mwambie haya uliyoyasema hapa. Akiona si kazi yake, muulize ni ya nani. Yeye ndiye anayewajua wenzake.

— Na tukizidi kutoelewana?

— Utakwenda kwa mwingine. Mimi nilibadilisha, na hakuna aliyenikasirikia.

Seremala akamgeukia.

— Kitanda chako bado, dada. Uniwie radhi.

— Mwanangu analala na mimi. Nitangoja.

Jaji akatikisa chupa. Tupu. Kinyozi akainuka, akafunga mlango wa duka lake.

— Twende, nitakusindikiza.

— Ukomee nje, Seremala akasema. Usiingie kunisemea.

— Nitakaa nje.

Wakaondoka, Seremala mbele, mikono bado kwapani.

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukiwa na mtu wako anayetafuta msaada, kabla hujamchagulia mlango wa kuingia, muulize akifika ndani anataka kusema nini. Kisha ngoja ajibu, hata akichelewa.