Mlango wa Kushoto wa Gari la Shemasi Lucius

Mchungaji, mashemasi, waimbaji, majirani wa mtaa huu, na ninyi ndugu mliotoka mbali Arkansas, familia ya Pruitt inawashukuru kwa kuja, na inaomba mtulie kidogo, kwa sababu maisha yatakayosomwa hapa ni ya miaka sitini na tisa, na sehemu yake moja marehemu aliisema mwenyewe, binti yake Renita akaiandika, na marehemu akaagiza isipunguzwe hata neno.

Ardell James Pruitt alizaliwa Machi 14, 1947, nje kidogo ya mji wa Marianna, Arkansas, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Bwana Hosea Pruitt na Bi. Luvenia, watu waliolima pamba kwenye shamba lisilokuwa lao. Agosti 1953 baba yake alipata kazi ya kuyeyusha chuma hapa Saginaw, Michigan, akaja kwanza peke yake, na baada ya wiki sita akawaita wengine, nao wakafika kwa treni wakiwa na masanduku mawili na kuku mmoja ambaye Bi. Luvenia alikataa katakata kumwacha.

Alianza shule mwaka huohuo, na kusoma kulimpa taabu, akawa anachekwa kwa lafudhi yake ya kusini na kwa herufi zake zilizolala, hadi alipofika darasa la tatu kwa Bi. Hargrove, ambaye aligundua kwamba mtoto huyu akiwa na kitu mkononi husoma upesi, basi akampa kipande cha mbao cha kupapasa wakati wengine wanasoma, na kufikia Krismasi alikuwa anasoma kama wenzake. Alimaliza sekondari Juni 1965.

Alifanya kazi mwaka mmoja na baba yake kwenye tanuri, kisha Julai 1966 akaitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, ambako kwa miaka miwili alinyoosha mabati ya malori, na aliporudi Agosti 1968 alishika tena kazi ya kiwandani asubuhi, na jioni akajifunza kwa Mzee Thaddeus Wingo, fundi bodi aliyekuwa anaheshimika kuliko wote upande wetu wa mto. Mzee Wingo ndiye aliyemfundisha kuvaa soksi ya pamba mkononi na kupitisha kiganja juu ya bati, kwa kuwa macho hudanganywa na mng'ao wa rangi, lakini kiganja husikia kila bonde. Aprili 1978 Ardell alifungua karakana yake nyuma ya nyumba, na ndani ya miaka michache watu wenye magari ya vijana wa zamani, yale yenye injini kubwa na sauti nzito, walikuwa wanamletea kutoka hata Ohio, yakiwa yameliwa na kutu ya chumvi ya majira ya baridi, naye akiyarudisha yakawa kama siku yalipotoka kiwandani.

Jumamosi ya Juni 20, 1970 alifunga ndoa na Bi. Vernice Tolliver, mpishi wa shule, katika kanisa hilihili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Renita mwaka 1972 na Lamont mwaka 1975. Bi. Vernice anasema mumewe alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, aliyeweza kumwambia mteja mwenye gari lililooza, "Kaka, hili gari ukiliosha kwa nguvu litaisha," na mteja akacheka na kuliacha palepale.

Sasa ifuatayo ni ile sehemu aliyoagiza, ila pale aliposema 'mimi' hapa linasomwa jina lake.

Mwaka 1987 rafiki yake wa tangu tanurini, Shemasi Lucius Bascomb, ambaye wengi hapa mlimpenda na mnamkumbuka, alimletea Pontiac GTO ya mwaka 1968, lile la kufunua paa, lililokuwa limekaa ghalani miaka tisa. Gari la namna hiyo halina paa la chuma la kulishika juu, nguvu yake iko chini, kwenye vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango, na vizingiti vyote viwili vilikuwa vimeoza. Kila fundi anajua kwamba kabla ya kuvikata ni lazima uchomelee mihimili ya chuma kukatiza nafasi za milango, ili bodi isibonyee katikati, na Ardell mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine jambo hilo. Lakini yalibaki majuma matano tu kufika maonyesho ya magari ya Juni 18, 1988, Shemasi alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba gari litakuwepo, na Ardell akajiamini, akakata pande zote mbili siku moja bila mihimili.

Bodi ilibonyea. Haikuonekana kwa macho, ilikuwa unene wa kidole, lakini mlango wa kushoto haukufunga tena. Njia ya haki ilikuwa kukata upya na kuanza mwanzo. Badala yake alisaga ukingo wa mlango, akaisogeza nje ile pini inayoshikwa na kitasa, hata kitasa kikawa kinaishika kwa ncha tu, akajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, palipobaki, akapiga msasa siku tatu, akapaka rangi ya kijani iliyokolea, na gari likachukua zawadi ya kwanza. Ipo picha ya siku ile, Shemasi anacheka, Ardell amesimama pembeni yake ameweka mkono juu ya mlango.

Jumamosi ya Oktoba 21, 1989, binti wa Shemasi, Yolanda, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa akiendesha gari hilo kwenda kumchukua mama yake kwa msusi, na gari lingine lililopita taa nyekundu likamgonga ubavuni, nyuma ya mlango. Mwendo haukuwa mkubwa. Kitasa kiliachia, mlango ukafunguka, Yolanda akaanguka barabarani, nyonga yake na mguu wa kushoto vikavunjika mahali pengi, akafanyiwa upasuaji mara saba, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo. Hakuwa amefunga mkanda, na hilo ndilo lililosemwa hospitalini, polisi, na humu kanisani.

Jumatatu iliyofuata Ardell alikwenda na Shemasi kwenye uwanja wa magari mabovu, akaona puti imebanduka kama plasta ya ukuta, na pini ile imekwaruzwa kwenye ncha yake tu. Shemasi, ambaye hakujua mambo ya mabati, alimwuliza, "Ardell, niambie wewe, mlango ulikuwa mzima?" Naye akajibu, "Ulikuwa mzima, kaka. Angefunga mkanda." Maneno hayo marehemu ameagiza yasomwe kama alivyoyasema.

Shemasi alimwamini, akayapeleka nyumbani, na kwa miaka kumi na mitano, kila binti yake alipolalamika maumivu, alimwambia kwamba alijitakia mwenyewe, na watu wazima wa kanisa hili wakamtolea mfano mbele ya watoto wao wanaojifunza kuendesha. Shemasi alifariki mwaka 2004 akiamini hivyo. Ardell alibeba jeneza lake.

Lile gari alikuwa amelinunua kama chuma chakavu wiki ileile ya uwanjani, akalifunika turubai kwenye kona ya karakana, na Lamont anasema waliokuwa wakifanya kazi humo walikatazwa kuligusa, wakadhani ni huzuni ya rafiki. Baada ya mazishi yale akawa halali vizuri, kila gari alilolimaliza akawa analifungua tena na kulikagua, wateja wakamwona amezeeka akawa mwoga wa kazi, na Bi. Vernice alipombana akamweleza yeye kwanza. Bi. Vernice hakumfariji. Alimwambia, "Si mimi unayepaswa kuniambia, Ardell."

Ilimchukua miaka minne mingine. Mei 10, 2008 alikwenda nyumbani kwa Yolanda, ambaye wakati huo alikuwa karani wa kumbukumbu wa wilaya, akasimama barazani, akamweleza yote, kuanzia mihimili hadi uwanja wa magari mabovu. Yolanda aliuliza swali moja tu, "Baba alijua?" Ardell akasema, "Hakujua. Aliniuliza, nikamdanganya." Yolanda akafunga mlango.

Yolanda alimpigia simu Septemba. Alitaka kulitazama lile gari, na alipolitazama akataka liondolewe puti yote mbele yake, aone kwa macho yake kilichofanyika, na baadaye akataka litengenezwe upya, kila hatua akiwepo na akielezwa. Kwa miaka saba alikuja karibu kila Jumamosi, akikaa kwenye kiti karibu na jiko la mafuta, naye Ardell alimfafanulia kama Bi. Hargrove alivyomfafanulia yeye, bila haraka, akimshikisha kila kipande mkononi. Hawakuwa marafiki. Zipo Jumamosi waliogombana hata Lamont akatoka nje, na zipo nyingine walizocheka, kama siku ile ya kukata vizingiti kwa mara ya pili, Yolanda alipomwambia, "Mzee Ardell, hiyo mihimili uichomelee vizuri, maana mguu mzima nimebakiwa na mmoja."

Mapafu ya marehemu yalianza kumsumbua mwaka 2009, na Februari 2011 madaktari walithibitisha kwamba yaliharibiwa na moshi wa rangi aliyopuliza miaka mingi akiwa na kitambaa tu usoni, basi rangi ya gari hilo aliipuliza Lamont. Lilikamilika Septemba 2015. Ardell alimkabidhi Yolanda funguo, na Yolanda akasema kwamba gari ni jambo la wawili, lakini yaliyosemwa juu yake yeye Yolanda yalisemwa kanisani, na kanisani ndiko anakotaka yafutwe, kwa kinywa chake Ardell.

Alikubali. Jumapili ya Pasaka, Machi 27, 2016, alisimama wakati wa ushuhuda, mtakumbuka, akashukuru kwaya, akaketi. Yolanda alikuwepo, akaondoka kabla ya sadaka. Ardell alisimama tena mwezi Juni, akaomba maombi kwa ajili ya kifua chake. Mara ya tatu aliahidi Jumapili ya Novemba 6, lakini mwisho wa Oktoba alilazwa, pumzi haikutosha tena kwa sentensi nzima, akamwandikisha Renita haya kwa siku nne, maneno machache kwa wakati, na alipomaliza akamwambia, "Nilikuwa na pumzi miaka yote ile, mwanangu, sikuitumia." Alifariki Alhamisi, Novemba 3, 2016, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mkewe na wanawe wakiwa naye.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja, Bi. Corliss wa Marianna.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta chakula tangu Ijumaa, wazee wa tanurini waliokaa naye zamu kwa zamu, na akina mama walioandaa kambale na mkate wa mahindi kule ukumbi wa chini, ambako wote mnakaribishwa baada ya kutoka makaburini.

Yolanda Bascomb yupo pamoja nasi. Amekuja kwa hiari yake, na familia inawaomba, mtakapomsalimu, msimwulize kama amesamehe, kwa kuwa hilo ni lake na hana deni la kumjibu mtu yeyote. Mwulizeni habari za kazi, mwulizeni habari za mama yake.

Na sasa, kama marehemu alivyoagiza, mbele ya kanisa hili lililosikia yale mengine, linasomwa neno lake la mwisho: "Yolanda, haikuwa mkanda. Ilikuwa mlango, na mlango niliufanya mimi. Hukuwa na kosa. Baba yako angeniuliza leo, ningemwambia hivyo."

Ardell, limesemwa. Bwana akupe pumziko, na amani ikufikie kwa kadiri aonavyo Yeye.