Dakika Tano Alizoomba Mama Brashi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka muuguzi wa meno aliyezunguka shule zetu miaka ishirini na miwili. Watoto walimwita Mama Brashi. Tumemzika juzi.

Kazi yake ilikuwa hii. Mtoto anaketi juu ya dawati, uso dirishani penye mwanga, mdomo wazi. Mama Brashi anakausha meno kwa pamba, kisha anapaka dawa ya floraidi. Dawa hiyo huyaimarisha meno yasioze upesi. Baada ya miezi sita, anarudi. Hata vijana wa sekondari walipanga foleni. "Fungua mdomo, bwana mkubwa," aliwaambia. "Masharubu hayazuii jino kuoza."

Sasa, dawa ile huyaacha meno na umanjano hadi kesho yake. Nami, kwenye kipindi changu cha asubuhi, nikaleta mzaha. Nikasema watoto wanapelekwa shule na meno, wanarudi na punje za mahindi. Watu walicheka sana. Kisha fomu za kuruhusu mtoto apakwe dawa zikaanza kurudi shuleni bila sahihi za wazazi.

Mama Brashi akaja hapa kituoni. Alikaa mapokezi, mkoba wake mapajani. Aliomba dakika tano tu, aeleze. Nikamwambia, "Njoo wiki ijayo, mama." Alikuja mara tatu. Mara tatu nilimwambia wiki ijayo.

Mwaka uliofuata binti yangu, wa miaka tisa, alivimba shavu. Gego lake likang'olewa, na hilo halioti tena. Aliyemshika mkono pale hospitalini, kwenye kiti cha kung'olea meno, ni Mama Brashi. Nilisubiri aniseme. Alisema tu, "Yaliyobaki tutayawahi, baba."

Juzi msibani, binti yake aliniambia, "Mama alikusikiliza kila asubuhi. Alikuwa akisema, labda leo atarekebisha."

Sikurekebisha, wasikilizaji. Niliona aibu, nikanyamaza miaka minne. Basi narekebisha leo: umanjano ule hutoka kesho yake, mtoto akipiga mswaki. Ndiyo hayo tu. Hata dakika moja haikuisha.

Kwa mumewe, binti yake na wajukuu: poleni sana, na mnisamehe. Nawe mzazi, fungua begi la mtoto wako uangalie kama kuna fomu. Isome. Usipoelewa, muulize muuguzi, usiniulize mimi. Ya binti yangu niliikuta imekunjwa ndani ya daftari, haina sahihi. Bado ninayo.