Mzee Eustache na Sekunde ya Thelathini na Tatu

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kazi, Mzee Eustache Ruzindana anastaafu rasmi tarehe 31 Julai. Kumbukumbu za ofisi zinaonyesha kwamba katika muda wote huo alichelewa mara nne. Mara tatu kati ya hizo alikuwa tayari ndani ya chumba cha seva, ila hakuna aliyefikiria kumtafuta huko.

Alikulia Buyenzi, Bujumbura, ndiko alikochukua Kiswahili kile ambacho sisi wengine tunakiazima kwake na kukirudisha kimevunjika. Mwaka 1999 kampuni yetu ya mabasi ilimwajiri kukata tiketi za karatasi kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo, mjini hapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wakubwa waliifunika kitambaa isiingie vumbi, na miezi sita ikapita bila mtu kukigusa. Eustache aliifunua. Kwanza akapewa barua ya onyo, kisha akapewa kompyuta yenyewe, na hivyo ndivyo idara ya mitambo ilivyozaliwa. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na mara nyingi skrubu hazikubaki.

Kabati la seva yetu alilichongesha kwa maseremala wa Agakiriro, kule Gisozi. Fundi aliambiwa kifaa kinahitaji hewa, akadhani ni kuku, akaweka wavu pande zote. Hadi leo sijaona seva mjini hapa inayopumua vizuri kama ile.

Lakini tunachomshukuru zaidi kilitokea mwaka huu, na tukieleze bila kupaka rangi, kwa kuwa ripoti rasmi imeshapakwa ya kutosha.

Mkurugenzi wetu Johnson, kijana wa Kampala mwenye haraka ya kupendeza, alisaini katika imihigo yake, yale malengo ambayo kila mkuu huahidi mwanzoni mwa mwaka, kwamba mtandao wetu wa tiketi utahimili wateja elfu tano kwa wakati mmoja bila kosa hata moja. Alilenga siku wanafunzi wanaporudi shuleni mwezi wa nne, ambapo wazazi wa nchi nzima hununua tiketi kana kwamba mabasi yanaisha duniani. Aliongeza sharti: seva ikishindwa, idara ya mitambo ifungwe na kazi ipewe kampuni ya nje. Barua ya kuifunga ilichapwa mapema na kupigwa muhuri, ikabaki kungoja tarehe tu. Idara hiyo ni watu watatu. Eustache alikuwa anaondoka hata hivyo. Waliokuwa wanaangaliwa na barua ile ni Alida, mwenye watoto wawili, na Sangwa, aliyetoka kufunga ndoa mwezi wa kumi na mbili.

Jaribio lilihitaji saa ambayo hakuna mteja wa kweli, kwa hiyo likapangwa asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mabasi yakiwa yamesimama na mji mzima ukishika majembe. Kibali cha kukosa umuganda kilitafutwa. Kiongozi wa mtaa wa Eustache kule Rebero alikubali, akadai tu kwamba Eustache auzibue mtaro wa mtaa Jumamosi inayofuata, peke yake. Aliuzibua.

Mwezi wa kwanza, Johnson alitaka kuona kwa macho yake. Laptopu yake mpya ikawekwa mezani, mchoro wa jaribio ukarushwa ukutani kwa projekta, na laptopu ikaanza kutuma wateja bandia elfu tano, mia tano wakiingia na kutoka kila sekunde. Mambo yalikwenda vizuri kwa nusu dakika. Sekunde ya thelathini na tatu ukuta ukawa mwekundu: muunganisho umeshindikana, muunganisho umeshindikana, mpaka chini. Jaribio likarudiwa, likakwama sekunde ile ile.

"Mzee, seva yako imechoka kama wewe," Johnson alisema, na waliotakiwa kucheka wakacheka.

"Inawezekana, patron," Eustache akajibu. "Ila mimi nikichoka huwa sichoki kwa saa ya ukutani."

Aliletwa mtaalamu, Jean-Paul, akawekwa hotelini Kiyovu wiki tatu. Aliandika kurasa arobaini, thelathini na nane zikiwa zimeandikiwa kampuni nyingine. Zile mbili zetu zilishauri tununue seva mpya yenye nguvu mara mbili. Ikanunuliwa. Mwezi wa pili ikajaribiwa, na ukuta ukawa mwekundu sekunde ya thelathini na tatu. Jean-Paul akasema labda ni waya. Tukabadilisha waya, swichi, na kwa usalama zaidi hata feni. Kila kitu ndani ya chumba kile kilishukiwa, isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya mkubwa.

Eustache alifanya jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyelifikiria: alisoma logi, daftari ambamo seva huandika kila anayeifikia. Wateja wa sekunde thelathini na mbili walikuwemo wote. Baada ya hapo, kimya. Seva haikumfukuza mtu. Hakuna aliyebisha hodi.

Aliwaeleza Alida na Sangwa wakinywa chai. Kila muunganisho unaotoka kwenye kompyuta hupitia kijilango chake, na kikishatumika hufungwa kwa muda kabla ya kutumika tena. Laptopu ile ilikuwa na vijilango elfu kumi na sita na ushee. Ukivimaliza kwa kasi ya mia tano kwa sekunde, unafika wapi?

"Thelathini na mbili na kitu," Sangwa akasema. "Kwa hiyo wateja wanakwama ndani ya laptopu ya bosi?"

"Punguza sauti," Alida akamwambia. "Na nani atamwambia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali gumu. Kumwambia mkurugenzi, mbele ya Jean-Paul na ukuta mwekundu, kwamba mgonjwa ni laptopu yake, ni njia ya haraka ya kuipatia barua ile tarehe. Mwezi wa tatu, asubuhi ya umuganda wa mwisho kabla ya shule, Eustache alisimama, akashika kofia yake mkononi.

"Patron, kuna jambo moja linanisumbua. Laptopu ya mkurugenzi inabebeshwa mizigo kama kibarua wa Nyabugogo. Haifai. Hii ibaki kuonyesha mchoro tu, na mizigo ibebwe na kompyuta za kukatia tiketi. Ziko nane, zimezeeka, hazina heshima ya kupoteza."

Johnson alifikiri kidogo. "Hata mimi nilikuwa nataka kulisema hilo," akasema.

Kompyuta nane zikagawana wateja elfu tano, na Eustache akawaelekeza kwenye seva ya zamani, ile ya kabati la kuku. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Hakuna kosa hata moja. Alida alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Wanafunzi waliporudi shuleni, seva ile ile iliwabeba wote. Ile mpya imerudishwa kwenye boksi lake, na juu ya boksi tunaweka chupa ya chai.

Ripoti ya mwaka imeandika kwamba changamoto zilitatuliwa kwa uongozi thabiti. Jina la Eustache limo humo, kwenye orodha ya waliohudhuria.

Kamati ya zawadi ilitaka kumpa ng'ombe. Béatha, mkewe, akauliza atalala wapi kule Rebero, chumbani au sebuleni. Eustache mwenyewe aliomba kitu kimoja: barua ile ya kufunga idara, nakala halisi, yenye muhuri. Leo, mbele yetu sote, Johnson ataikabidhi kwa mikono miwili, na Alida na Sangwa, kwa ombi la mstaafu, ndio watakaoichana.

Asante, Mzee Eustache. Tunakuombea afya njema, asubuhi ndefu, na siku nyingi ambazo hakuna mtu atakayekutafuta kwa sababu ya kosa lake mwenyewe.