Kikunjo cha Kwanza

Wanangu, wenzangu wa kusuka ukili wa mikeka hapa Moa, magoti yameniruhusu nisimame leo, alhamdulillahi. Majina ya walioniteta nilipougua ninayo yote, hata la yule aliyesema nimerogwa kwa husuda ya mikeka. Msihangaike, siyataji.

Homa ilinikamata naanika miyaa, majani ya kusukia. Nikapimwa malaria, hamna. Homa ikaenda zake, maungo yakabaki yanawaka, vidole vimejikunja kama kucha za kuku. Daktari akasema ni chikungunya, yaletwa na mbu wa mchana, yule anayezaliana kwenye vifuu na matairi yenye maji. Akanipa dawa ya maumivu, akaniambia vidole nivichezeshe. Mimi nikavificha ndani ya kanga. Ndugu zangu, nawaambia, mkono usiosuka niliuona kama wa maiti. Ukili wangu ukaning'inia ukutani nusu, nami nikajua ndiyo basi.

Akaja mjukuu wangu, yule anayesomea virusi. Nikamuuliza, kidudu kisichoonekana chapata wapi nguvu za kunikunja mimi? Akasema ndani ya kirusi hicho mna uzi mmoja tu, waitwa RNA, wenye maagizo yake yote. Lakini uzi haukunyooka. Wajikunja wenyewe kwa wenyewe, na vikunjo vile vina kazi. Cha mwanzoni ni kama alama: kinachonakili uzi hukijua, kikashika pale. Tena chasaidia kuuficha uzi, kinga ya mwili isiutambue. Kikivurugika, nakala hazitoki, au zatoka chache, na kirusi hakizaliani vizuri.

Nikacheka. Nikamwambia huo si ukili? Ukikosea kikunjo cha kwanza, mkeka huupati. Akafurahi, akachukua miyaa anionyeshe.

Jamani, alikunja vibaya. Mwaa wa kupita juu kaupitisha chini, kisha anavuta kwa nguvu, na huku anatabasamu. Nikavumilia. Nikatazama pembeni nikavumilia tena. Mwisho nikashindwa.

"Lete hapa. Kwa kikunjo hicho kirusi chako kingekufa hakina mtoto."

Nikampokonya, nikafumua, nikaanza upya. Nimeshika njia ndipo nikaona anavitazama vidole vyangu.

"Bibi," akasema, "nani anasuka?"

Viliuma, siwadanganyi. Lakini tangu hapo nikawa nasuka kidogo kila asubuhi, na vikalegea polepole.

Namshukuru daktari, ambaye nilichelewa kumsikia. Namshukuru mjukuu kwa ubovu wa mkono wake. Na namshukuru huyo aliyesema nimerogwa, maana ndiye aliyeniletea uji siku zote, huku akinisema. Nanyi mwageni maji ya vifuuni, na maungo yakikaza msiyafungie ndani ya kanga kama mimi.

Kile kipande alichokosea mjukuu sikukitupa. Nimekishonea kwenye mkeka huu mliokalia. Aliyekaa palipopinda ndiye mwenye ule uji. Jina silitaji.